Nyumba ya urithi Dar es Salaam: namna ya kuikarabati bila kuifuta

Maswali ninayoulizwa kuhusu nyumba hizi ni yale yale. "Lipu inabanduka chini ya ukuta, nipige saruji nzito zaidi?" "Mchwa wamekula boriti, nibomoe?" "Babu alikuwa akisema wazee wa TANU walikaa barazani kwetu, nitathibitishaje?" "Shangazi anataka kuuza, mimi sitaki, nianzie wapi?" Nayajibu hapa yote, kwa mpangilio ambao kazi yenyewe inakwenda.

Ninazungumzia nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani nyuma penye jiko, choo na stoo. Bado zipo nyingi Ilala, Magomeni, Temeke na Keko, na chache zilizobaki Kariakoo zikiwa zimebanwa na maghorofa kushoto na kulia. Kuta za zile za zamani ni udongo na mawe yaliyojazwa kwenye boriti na fito, juu yake lipu, na juu kabisa mabati yaliyochukua nafasi ya makuti. Kama yako ni ya tofali za saruji, hatua tatu za mwanzo zinakuhusu vilevile. Sehemu ya lipu ya chokaa unaweza kuiruka.

Majengo makubwa yana wenyewe. Boma la Kale, la enzi za Sultani Majid miaka ya 1860, limeshakarabatiwa. Nyumba ya Mwalimu pale Magomeni ni makumbusho. Lakini TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 kwenye jengo la New Street, na waliotoka kwenye vikao walirudi kulala katika nyumba kama hiyo yenu. Hizo hazina mlinzi zaidi ya wajukuu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kauntabuku moja, kwa ajili ya nyumba hii tu. Usichanganye na hesabu za duka.
- Simu yenye kamera na nafasi ya kutosha kurekodi sauti.
- Tepu ya kupimia, tochi na bisibisi ya zamani ya kuchomea mbao.
- Chokaa ya mfuko, mchanga wa mto, pipa, ndoo, chepe, mwiko, kibao cha kulainishia, brashi pana na magunia ya katani.
- Miwani ya kukinga macho, glavu za mpira na buti.
- Fundi mwashi aliyewahi kushika chokaa. Ukimpata mzee, hata kama hana nguvu za kupanda ngazi, mlipe akae kwenye kiti aelekeze vijana. Hiyo ni pesa iliyotumika vizuri kuliko mfuko wowote wa saruji.
- Majira. Kazi ya kuta ifanyike kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yamekwisha na vuli haijaanza. Anayeanza lipu mwezi Machi anataka ugomvi na mvua.

Hatua ya 1: Malizeni suala la nani mwenye nyumba

Hili watu wengi wanaliruka kwa sababu linaumiza vichwa. Kama hati au leseni ya makazi bado inasoma jina la marehemu, itisheni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mpeleke mahakamani pamoja na cheti cha kifo ili msimamizi wa mirathi ateuliwe. Bila msimamizi unaweza kumaliza paa zima, kisha binamu akaja na mnunuzi mkononi.

Msimamizi akishateuliwa, pita serikali ya mtaa na uwaeleze unachotaka kufanya. Kuziba nyufa na kupaka rangi si jambo kubwa. Kugusa msingi, kuta za kubeba au umbo la paa kunahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, na ni nafuu kukifuata mapema kuliko kukuta alama nyekundu ya X ukutani.

Watu huuliza kama sheria inailinda nyumba yao. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Mji wenyewe ulikuwa ndiyo unaanza wakati huo, kwa hiyo hesabu kwamba nyumba yenu haimo, isipokuwa kama serikali imeitangaza rasmi. Lakini sheria hiyohiyo inagusa milango ya mbao na fremu zake zilizochongwa nakshi kabla ya 1940: haitolewi nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo akija mtu na gari na bahasha akitaka "kukusaidia kuondoa huo mlango mbovu", mwombe kwanza karatasi.

Hatua ya 2: Andika na piga picha kabla fundi hajagusa kitu

Fundi akianza kubomoa, ushahidi unaondoka na kifusi. Kwa hiyo hatua hii haisogezwi mbele.

Piga picha kila ukuta kwa ndani na nje, kisha karibu: bawaba, makomeo, nakshi, tabaka za rangi pale zilipobanduka, maandishi ya mkaa kwenye stoo, mistari ya urefu wa watoto kwenye fremu ya mlango. Pima kila chumba na uchore ramani kwenye kauntabuku, hata kama mkono wako haujui kuchora. Andika chumba gani alikaa nani.

Kisha kaa na wazee. Usiwaulize mwaka, maana wengi hawakuhesabu maisha kwa miaka. Uliza kwa matukio: kabla ya Uhuru au baada? Azimio la Arusha lilikuta korido imeshapigwa sakafu? Wakati wa Vita vya Kagera nani alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho? Mwalimu alipong'atuka mwaka 1985, umeme ulikuwa umeshaingia? Majibu mawili matatu ya namna hiyo yanakupa miaka bila mzee kujisikia yuko kwenye mtihani. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na ukiambiwa "hili usiliweke", zima.

Usiwasahau wapangaji. Bibi aliyepanga chumba cha uani tangu akiwa binti anaweza kujua habari za nyumba kuliko wenye nyumba, kwa sababu yeye alikuwepo mchana wakati wengine wako kazini. Alijua nani alipika kwa nani, nani alikopeshwa sukari, na harusi gani iliziba mtaa mzima.

Karatasi nazo. Tafuta risiti za kodi ya kiwanja, barua, kadi za chama, bili za maji. Ukisoma za zamani ujue mitaa imebadilishwa majina: New Street ni Lumumba ya leo, Kichwele ni Uhuru, Pugu Road ni Barabara ya Nyerere, na Acacia Avenue iliitwa Independence kabla ya kuwa Samora. Wengi wamekata tamaa wakitafuta mtaa ambao wanapita kila siku. Nyaraka za Taifa pale Upanga wana majalada ya wakati wa Wajerumani na Waingereza, yakiwemo ya ardhi na mipango miji. Na kama jengo la familia lilikuwa la kupangisha na likataifishwa mwaka 1971, fuatilia Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lilirithi kazi za Msajili wa Majumba.

Onyo: nakala moja kwenye simu si kumbukumbu, simu za Dar zinaibiwa. Weka nakala kwa ndugu anayeishi mkoa mwingine.

Hatua ya 3: Zuia maji

Nyumba hizi haziuawi na uzee, zinauawa na maji. Kabla ya kununua hata kilo moja ya chokaa, fuata maji yanakotoka.

Anza juu. Panda siku ya jua, mtu mwingine akiwa ndani gizani anaangalia matundu ya mwanga. Misumari ya bati iliyolegea ibadilishwe na mipya yenye mipira. Bati lililooza liondolewe lote, usiweke kiraka cha lami juu ya kutu. Kama paa ni la vigae vya asbestosi, vile vya kijivu vinavyofanana na saruji, usikate, usitoboe wala usisugue; vumbi lake linaharibu mapafu. Liache lilivyo hadi upate watu wanaojua kuliondoa.

Fuata gata, kama lipo. Kama halipo, hakikisha bati linatokeza vya kutosha ili maji yaanguke mbali na ukuta.

Kisha chini, na hapa ndipo shida ya Dar ilipo. Kila barabara inapokarabatiwa inapandishwa, nyumba inabaki palepale. Baraza ambalo babu alilipanda kwa ngazi mbili sasa liko chini ya barabara, na mvua ya nusu saa inaingia koridoni. Huwezi kushusha barabara. Unachoweza ni kuchimba mtaro mwembamba mbele ya baraza, ukaujaza kokoto, ukauelekeza kwenye mfereji wa mtaa. Usichimbe chini ya kimo cha msingi wala kuusogelea sana, utaufungua. Pembeni na nyuma, ondoa kifusi na mchanga uliolundikana ukutani kwa miaka.

Mwisho angalia uani: bafu linaloegemea ukuta wa chumba, bomba linalovuja, tangi la maji lililowekwa juu ya ukuta wa udongo. Tangi lihamie kwenye mnara wake. Subiri mwezi mzima kuta zikauke kabla ya hatua inayofuata. Mafundi hawapendi kusubiri, wewe subiri.

Hatua ya 4: Pima mbao kwa bisibisi

Choma kila boriti unayoifikia, hasa miisho inayoingia ukutani na miguu ya nguzo. Bisibisi ikigoma, boriti ni nzima hata kama sura yake ni mbaya. Ikizama kama kwenye boga, imekwisha. Gonga pia, mlio mtupu ni mchwa.

Usibadilishe boriti nzima kwa sababu ncha imeliwa. Seremala mzuri anakata sehemu mbovu na kuunga mti mpya kwa mshazari, kwa boliti. Lazima ubadilishe? Simamisha mirunda kwanza pande zote mbili, toa moja, weka moja. Mikoko, mti wa boriti za zamani, huwezi kwenda kukata tu, ni misitu ya hifadhi na inahitaji kibali, kwa hiyo watu wengi wanatumia nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa.

Usipake oili chafu. Najua kila mtaa una mtu anayeisifia. Inanuka, inawaka moto, na chokaa haitashika tena mahali ilipogusa.

Nyaya za umeme zilizochakaa zikague wakati huohuo, na fundi mwenye leseni ya EWURA. Nyumba yenye mbao kavu na nyaya za miaka mingi haitaki majaribio.

Hatua ya 5: Lipu ya chokaa

Ukuta wa udongo na mawe unanyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia uso wake. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unakosa njia, unapanda juu zaidi, unaozesha fito na kuacha chumvi nyuma ya lipu mpaka ibanduke kwa vipande. Ndiyo maana saruji nzito zaidi inaleta tatizo lilelile, miaka miwili baadaye na juu kidogo. Chokaa inapitisha unyevu. Nadharia inaishia hapo.

1. Gonga lipu ya saruji iliyopo kwa mpini wa nyundo. Inapolia tupu, iondoe taratibu kwa tindo. Inaposhika sana, iache, kwa sababu ukiing'oa kwa nguvu itaondoka na ukuta. Anza na mita moja ya chini, ndiyo inayoteseka.

2. Mashimo ya ukuta yajaze kwa udongo uleule ulioanguka, uliokandwa na majani makavu yaliyokatwa. Usijaze saruji.

3. Chagua chokaa. Fungua mfuko dukani kama muuzaji anakubali: unga uwe laini. Ukiwa na mabonge magumu umeshakaa muda mrefu na haufai kwa lipu. Iloweke kwenye pipa mpaka iwe uji mzito, iachwe angalau usiku kucha. Wiki mbili chini ya maji kidogo ni bora zaidi. Ukiletewa chokaa mbichi ya mawe, usiimwagie maji mwenyewe: inachemka na kuruka. Hata ile ya mfuko inaunguza macho. Ikikuingia, osha kwa maji mengi safi muda mrefu, kisha hospitali.

4. Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi itakurudisha mwanzo wa kazi ya lipu. Kupima usafi, weka mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, acha utulie. Tope likiwa tabaka nene juu ya mchanga, uoshwe au urudishwe.

5. Changanya ndoo moja ya uji wa chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Usiongeze maji mengi. Mchanganyiko mzuri unang'ang'ania mwiko hata ukiupindua.

6. Lowesha ukuta jioni na asubuhi yake. Piga tabaka la kwanza, unene usizidi kidole kidogo, na ulikwaruze kwa msumari kabla halijakauka ili la pili lishike. Subiri wiki moja hivi. Piga la pili, jembamba zaidi.

7. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta kwa siku kadhaa na uyanyunyizie maji. Chokaa ikikaushwa haraka na jua au upepo wa kusi inakuwa unga.

8. Rangi iwe ya chokaa, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, ukilowesha ukuta kila mara. Ikipakwa nzito mara moja itamenyuka. Rangi ya mafuta ni marufuku, inafunga ukuta sawa na saruji.

Ukitaka kuona ukuta wa fito na udongo ulivyosukwa bila kukata wa kwenu, nenda Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo. Mchukue na fundi wako, mlipie kiingilio.

Hatua ya 6: Mlango, madirisha na baraza

Mlango wa mbao usiukwangue kwa mashine, nakshi zitaondoka. Tumia brashi laini kuondoa vumbi, kitambaa chenye maji kidogo, kisha mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) kwa tabaka jembamba. Matambara yaliyotumika yatandaze nje yakauke au yaloweke majini, kwa sababu yakikunjwa pamoja yanaweza kuwaka yenyewe. Bawaba zilizolegea ndizo zinazoangusha milango, kwa hiyo zishughulikie kabla ya kumlaumu seremala wa kale. Mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, ukivunjika, usiutupe hata kama unawekewa mpya; hifadhi wa zamani darini.

Madirisha ya mbao yana faida kuliko ya alumini kwenye joto la mji huu, lakini sitagombana na mtu aliyeibiwa mara mbili. Weka nondo kwa ndani, acha vibao vya nje.

Halafu fremu za maduka. Wapo wanaonitaka niseme kugeuza vyumba vya mbele kuwa fremu ni dhambi. Siyo. Nyumba isiyoingiza kitu ndiyo inayouzwa kwanza, na kodi ya fremu moja inaweza kulipa mabati ya mwaka. Ninachoshauri ni kutoa chumba kimoja, ukaacha kingine na korido. Na baraza libaki wazi. Baraza likizungushiwa tofali, kahawa na bao vinahamia kwingine, na nyumba inabaki bila wageni wa kuisimulia.

Ikikwama

*Lipu mpya ina nyufa nyembamba kama nywele.* Imekauka haraka au tabaka lilikuwa nene. Lowesha, sugua kwa kibao, paka rangi ya chokaa. Zitazibika.

*Unga mweupe unatokea chini ya ukuta.* Ni chumvi. Usiuoshe, maji yatairudisha ndani. Futa kwa brashi kavu, rudia kila unapotokea, na uangalie tena mtaro na bafu.

*Ufa mpana unapanda mshazari kutoka kona ya dirisha.* Huo mara nyingi ni wa msingi. Gundisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, andika tarehe. Kikivunjika ndani ya miezi michache, nyumba bado inatembea. Mwite mhandisi kabla ya kupiga lipu yoyote.

*Mchwa wanarudi kila mwaka.* Kuna mbao inayogusa ardhi, au unyevu uliouacha. Dawa ni ya muda mpaka uvipate hivyo viwili.

*Fundi anasema chokaa ni ya kizamani, hataki.* Mpe mita moja ya ukuta wa nyuma ajaribu, kwa malipo. Akikataa na hilo, tafuta mwingine.

*Mzee hataki kurekodiwa.* Weka simu mfukoni, msikilize, uandike ukifika nyumbani. Au mpelekee picha za zamani awataje waliomo. Wengi huanza kusema wenyewe.

*Ukoo umeshaamua kuuza, ghorofa linakuja.* Fanya hatua ya 2 yote, haraka, hata usiku. Waombe wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo Kikuu Ardhi waje kupima na kuchora. Kwenye mkataba wa mauziano andikeni kwamba mlango, fremu zake na boriti nzima vinabaki mali ya familia, na mtaje tarehe ya kuviondoa kabla ya greda kufika. Visipoandikwa, mnunuzi anaweza kuvichoma kuni.